Mama kanisahau mimi, lakini ukili hajausahau

Wakuu, salaam. Humu mimi ni wa kusoma na kupita. Leo nimetoka mafichoni, na nitakayosema yametokea barazani kwetu, Mahurunga huku Mtwara. Chumvi niliyoongeza ni ya kwenye kisamvu tu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Umri unasogea, bado naishi kwa mama, na sababu ni uvivu, tusitafutiane maneno.

Mama alishanipa jina: Kuku wa Kuatamia. Wageni wakija anawaambia, "Huyu akinyanyuka hapo, angalieni chini, mtaokota mayai."

Mwaka jana mama akaanza kusahau.

Mwanzoni vitu vidogo: sufuria jikoni, leo ni siku gani. Mwisho akanisahau mimi. Akawa ananiita Issa, kaka yake aliyefariki zamani.

Naitika. Utafanyaje?

Sasa mdogo wangu Somoe akachumbiwa. Nyumbani kwetu mama ndiye anayemsukia binti yake mkeka wa ndoa. Wa Somoe, mama alishauanza kabla ya maradhi, zikabaki kama pima nane za ukili. (Watu wa bara: ukili ni ule utepe wa ukindu unaosukwa kwanza, ndipo tepe zinashonwa pamoja kuwa mkeka.)

Mashangazi wakasema tukanunue dukani. Somoe akagoma.

"Wa plastiki kakalieni nyie. Mimi nakalia wa mama, au nakaa mchangani."

Hapo ndipo nikajitia akili. Nikanunua daftari, nikaketi na mama kama mwandishi wa habari. Mama, nakshi hii unaanza na miyaa mingapi ya ukindu? Hapa unaruka mingapi?

Akautazama ukindu. Akanitazama. Vidole vikasimama, machozi yakaanza kumtoka.

"Issa, mimi haya mambo siyajui."

Daftari nililitupa uvunguni. Lipo huko mpaka leo.

Siku ya kliniki nikamsimulia daktari, mama mmoja mcheshi. Akaniuliza, "Baiskeli unajua?"

Najua.

"Haya nieleze, unafanyaje isianguke?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Na wewe tukuandikie dawa?"

Wakuu, biolojia form four nilipata D, na hiyo D ilikuwa ya huruma. Ila nilichoelewa ni hiki. Ubongo hauna stoo moja. Majina, nyuso na habari za jana vinapokelewa na sehemu moja ndogo ndani kabisa, usawa wa masikio, na kwa mama hiyo ndiyo iliyoanza kuchoka. Mazoea ya mikono yanakaa kwingine: mengine kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, mengine katikati huko chini. Huko kwa mama bado kuzima.

Na kujifunza ni kama njia ya shambani. Ukipita mara moja, nyasi zinainuka. Ukipita kila siku, zinakufa, njia inabaki. Seli za ubongo nazo ndivyo zinavyounganishwa na kurudia rudia.

"Usimuulize," daktari akasema. "Mpe ukindu, nyamaza."

Kunyamaza na kukaa, wakuu! Kazi niliyozaliwa nayo.

Kesho yake nikamwekea ukindu mapajani, nikaanza kuongea habari za korosho. Vidole vikaondoka vyenyewe. Nakshi ileile, bila kukosea.

Ila alikuwa akichoka haraka, na harusi inakuja. Ikabidi nikae ubavuni nijifunze kwa kutazama. Majirani walipita wakaniuliza kama na mimi naolewa.

Kila asubuhi mama ananikuta mgeni wa kazi hii. Kila asubuhi anaupapasa ukili wangu, anaguna, anafumua, anasuka upya mbele yangu. Yeye anaanza sifuri, mimi nasonga mbele. Wiki ya tatu akashangaa.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Mwongo. Mimi ningekuchapa kwanza."

Pima tano zikawa zake, tatu zangu. Mashangazi wakashona.

Siku ya ndoa mkeka ukatandikwa. Mama akaletwa, akakaa karibu na Somoe, akaanza kuupapasa, utepe baada ya utepe. Nilikuwa mlangoni, roho juu.

Akafika kwenye zangu. Vidole vikasimama, kama ile siku ya daftari.

"Hapa pamelegea," akasema. "Hapa kasuka yule Kuku wangu wa Kuatamia. Yuko wapi? Mwambieni anyanyuke, aje ale."

Nikanyanyuka, wakuu. Machozi kama mtoto, mbele ya wakwe.

Jioni nilirudi kuwa Issa. Sina neno.

Nilichojifunza: mgonjwa wa kusahau usimfanyie mtihani. Mpe kazi ya mikono yake, ukae karibu. Kinachonisumbua ni hiki: ulegevu wa mkono wangu aliujulia wapi, na mimi nimejifunza yeye akiwa ameshaanza kuumwa? Ina maana vidole vilikuwa vinanisoma siku zote zile?

Wenye ujuzi, na wenye wazazi kama wangu, niambieni. Wa kunitania kuhusu mayai pia mnakaribishwa, nipo tu hapa nimekaa.