Dakika Tano za Kimya

Kikohozi cha mtu nisiyemwona hunirudisha Gongoni hadi leo. Juzi nilikuwa nasubiri daktari wa meno, mtu akakohoa nyuma ya ukuta wa mbao, nami nikajikuta nimenyoosha mgongo na kufumba macho kama nilivyofundishwa.

Baba na kaka yake, niliyemwita Baba Mkubwa, walikuwa na duka la vitambaa mtaa huo wa Gongoni, mjini Tabora. Jumapili jioni chumba cha nyuma kiligeuka ukumbi wa Wateosofia, watu kumi na wawili walioamini kwamba binadamu wote ni ndugu na dini zote zina ukweli mmoja. Wengi tulikuwa Wahindu, pamoja na Mwislamu muuza viungo na mwalimu Mmoraviani ambaye mchungaji wake, nadhani, aliamini anakuja kununua kitambaa tu. Udi ulifukizwa, kitabu kikasomwa, kisha Baba akagonga kengele ndogo ya shaba: dakika tano za kimya kwa ajili ya udugu wa ulimwengu. Mpaka kengele ya pili hakuna kuinuka, hata nyumba iungue.

Nilipokuwa na miaka tisa, ndugu hao wakatengana. Baba Mkubwa alisema viongozi wapya wa chama cha Wateosofia wamechanganya yao na mafundisho ya waasisi. Baba akasema chama ni chama. Basi Baba Mkubwa akachukua watu wanne na viti vyao, akaanzisha kundi lake stoo, nyuma ya ukuta wa mbao. Dukani wakawa wanasemeshana kupitia kwa wateja.

Kila Jumapili makundi yote mawili yalinyamaza saa ileile. Na ndani ya kimya hicho Baba Mkubwa alikohoa, mwanzo kidogo, baadaye kikohozi kirefu cha kumkata pumzi. Nilifumbua jicho moja kumtazama Baba. Hakutikisika.

Nilimpenda sana Baba Mkubwa, na niliogopa. Nilimwomba Mama aseme neno, lakini alishachoka kusema. Mama Nyamizi, mpishi wetu kutoka Ziba, ndiye aliyenijibu: "Ndugu wakigombana, binti yangu, chukua jembe ukalime." Ningefanya nini?

Kilichoniudhi zaidi ni kengele. Dakika tano zikawa kumi, kisha robo saa. Miguu ilikufa ganzi, mwalimu akasinzia. Nilidhani Baba anazeeka, anasahau.

Jumapili moja stoo ilikuwa kimya kabisa. Baba Mkubwa alikuwa amelazwa hospitalini tangu Ijumaa, Baba akijua, na hakwenda kumwona. Kengele ya pili haikulia. Giza lilipoanza kuingia, mwalimu akainuka, akaitoa kengele mkononi mwa Baba taratibu, akaigonga yeye. Jumatano tulichoma mwili wa Baba Mkubwa.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba Baba hakuwa akisahau. Mradi kengele haijalia, aliweza kukaa karibu na kaka yake bila yeyote kati yao kushindwa. Kumbe alikuwa akisikiliza kikohozi kile, wiki baada ya wiki, na mlango wa stoo haukuwa hata na kufuli.