Nyumba Isiyo na Mahali pa Mkwe

Ghala tulilonunua Ipuli lilikuwa la tumbaku. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuchora ramani za nyumba, alilipenda hata kabla hatujaingia ndani. Alibomoa kila kilichokatiza katikati, vyumba vya makarani na kuta zote, akabakiza matofali ya nje, nguzo za chuma na lango la kupakulia marobota, ambalo alilitia vioo. Jiko, sebule na meza ya kulia vikakaa pamoja chini ya paa refu, na kitanda chetu kikawekwa juu, kwenye roshani ya chuma. Wageni walipiga picha. Na mimi nilijiona, nisiseme uongo.

Kisha mama yangu akaanguka uani kwake Urambo. Hakuvunjika, lakini alilala pale chini mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Baba alishafariki, na mimi ndiye mtoto pekee niliyebaki mkoani. Nikaenda kumchukua, moyoni nikiwa nimeamua kwamba harudi tena kuishi peke yake. Yeye alisema anakuja kututembelea tu.

Aliikagua nyumba taratibu, akipapasa matofali.

"Pazuri," akasema. "Kuta za ndani ziko wapi?"

Nikacheka. Jioni mume wangu alipofungua lango, mama aliinuka upesi kuliko nilivyotegemea kwa mtu mwenye nyonga mbovu, akaingia chooni na kujifungia. Choo ndicho kilikuwa chumba pekee chenye mlango.

"Mama, toka ule."

"Mkwe wangu ameshapanda juu?"

"Ameshapanda."

"Akiwa huko juu, huku chini haoni?"

Alikuwa anaona kila kitu. Hapo nikajishika kichwa. Mimi na mume wangu ni Wanyamwezi, tunajua fika kwamba mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai wakitazamana wala hawali pamoja, na kwa mama hiyo ndiyo heshima yenyewe. Miezi yote ya kubomoa tuligombania rangi ya makabati, wala hatukujiuliza mama akija atakaa wapi.

Usiku ule mume wangu alikwenda kulala kwa rafiki yake. Kesho yake nikatundika kanga kwenye kamba, mama akakaa nyuma ya kanga hizo. Mume wangu aliporudi, upepo wa langoni ukazipeperusha, naye mama akajifunika uso kwa mtandio. Baadaye nikamkuta anakunja nguo zake.

"Nirudishe kwangu, mwanangu. Sijagombana na mtu. Lakini namtesa mkwe wangu, hana raha kwake."

Nililia mbele ya jiko langu zuri. Nilimwomba asubiri Jumapili ipite, akakubali shingo upande.

Mume wangu hakubishana na mtu. Aliyachukua matofali aliyoyabomoa, ambayo bado yalikuwa nyuma ya ghala, akaanza kujenga kwa mikono yake, katikati kabisa ya ule uwazi aliojivunia. Mama alikaa upande wake akiwa amempa mgongo. Walikuwa karibu kabisa, lakini kila neno lilipitia kwangu.

"Mwambie mayu asogee, kuna vumbi," mume wangu alisema, akimwita mama kwa Kinyamwezi.

"Mwambie nimesikia."

Ukuta ulipopita kimo cha mtu, mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikasikia mama anakohoa.

"Baba," akaita.

Nilidhani nimesikia vibaya, maana hakuwahi kumwita mkwewe moja kwa moja. Mume wangu naye alishusha mwiko wake wa saruji.

"Naam, mayu."

"Umekula tangu asubuhi?"

"Bado."

"Huyu binti yangu anajua kupika, au anakulisha mbichi?"

"Anajitahidi, mayu."

Nilisikia mama anacheka. Mume wangu akakaa chini, karibu na ukuta. Akaulizwa mvua za kwao Nzega, akaulizwa mama yake alifariki kwa ugonjwa gani, naye akaeleza mambo ambayo mimi mkewe sikuwahi kuyasikia, ya yeye akiwa mdogo akimlisha mama yake uji. Mama alisema "pole, mwanangu" tena na tena. Nilitamani kumkumbatia kila mmoja, lakini nikabaki jikoni, ugali ukapoa.

Mume wangu akainuka, akashika tena mwiko wake.

"Baba," mama akaita tena, "mlango wangu uelekeze upande wa jua la asubuhi. Nikiamka niwe naliota."

Mume wangu akajipangusa macho kwa mkono wenye saruji, akamjibu kwamba utakaa upande huo huo.