Kipa Aliyesalimia Milingoti

Harufu ya kafuri hunikamata popote ilipo. Juzi nilikuwa Fordsburg, si mbali na Soweto, nikinunua iliki na mdalasini, muuzaji akavuta droo ya chini, na kabla sijaona kilichomo nilikwisha kuwa mtoto wa miaka tisa, nimekaa kwenye zulia la nyumba yetu ya Bellevue, Jumapili mchana, nikimsubiri Baba afungue sanduku. Mdalasini niliuacha palepale. Mtanisamehe, kuna watu wanaokimbia nyoka, mimi nakimbia kafuri.

Sanduku lenyewe lilikuwa la bati, Baba alirudi nalo kutoka uhamishoni. Ndani yake mlikuwa na kitu kimoja tu: jezi ya mpira ya mikono mirefu, mistari ya kijani na nyeusi, namba moja mgongoni. Kafuri aliitia mwenyewe, kwenye kila mkunjo. Mama ni mtu wa Morogoro, amelelewa na bibi aliyekuwa akiosha maiti, na jambo lile hakulipenda hata kidogo. "Baba Zawadi, kafuri ni ya sanda," alikuwa akimwambia. "Jezi inataka jua." Baba alitabasamu tu, na Mama akarudi zake jikoni akinung'unika kwamba siri ya mtungi aijuaye kata.

Nyumba ilikuwa kuukuu, imegawanywa vyumba vya kupangisha. Chumba cha mbele walikaa Wakongo waliokuwa wakisali Jumapili nzima kwa ngoma, ukuta ukitetemeka. Ngoma zikianza, Baba alitandaza jezi magotini, akanisimulia historia ya Timu.

Timu ilikuwa na jina refu lililonishinda kutamka. Ilikuwa ya mji mdogo wa mkoani huko Hispania, mji wa reli, wenye upepo wa baridi usiokoma. Iliundwa na wafanyakazi wa reli. Mwaka wake wa kwanza treni iliacha njia, ikaua watu, na wajane wakakata nguo zao nyeusi za matanga wakashona jezi; ndiyo asili ya ile mistari. Uwanja ulikuwa kando ya mto, na mto ukifurika watu walicheza maji yakiwafika vifundoni. Mara moja tu Timu ilipanda daraja la kwanza. Ilikaa msimu mmoja, ikashuka, haikupanda tena. Hapo Baba alikuwa akipapasa kola ya jezi, na mimi nilianza kusogea karibu yake kwa sababu nilijua kinachofuata.

Baada ya kushuka, hadithi iliingia giza. Winga wa kulia alikufa kwa malaria. Beki wa kushoto alizama mtoni akifua nguo. Chakula kikapungua, wachezaji wakaanza kutazamana kwa pembe za macho, na uongozi ukasema kuna mtu anauza mechi. Baba hakuwataja kwa majina, aliwataja kwa namba zao za uwanjani tu. Msinicheke. Sikujua kwamba Hispania watu hawafi kwa malaria. Mimi kila tulipokwenda Morogoro nilirudi nayo, nikadhani ni ugonjwa wa safari.

Niliyempenda zaidi alikuwa Kipa. Kipa alikuwa akitafuna maganda ya machungwa kwa chumvi. Kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda tangu utotoni, kifuniko cha jiko la makaa kilimwangukia. Na kila mechi kabla ya filimbi alikwenda kusalimia milingoti ya goli. Wa kushoto alimwita Thandi, wa kulia Thoko. Aliigonga kwa kiwiko akisema, "Thandi, usilale. Thoko, mwangalie Thandi." Sikujiuliza hata siku moja kwa nini Mhispania aite mlingoti wake Thandi. Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na Thandi, kwa nini Hispania wakose?

Mwisho wa Kipa niliujua kama sala. Ilikuwa Jumapili mchana. Watu wawili wa uongozi walikuja wakamwita kwa upole. Alikuwa na kikombe cha chai. Alikiweka juu ya jiwe akasema, "Msininywee, narudi." Hakurudi. Nahodha alijua kwamba Kipa hakuuza mechi yoyote, kwa sababu usiku uliotajwa na uongozi walikuwa pamoja, wao wawili. Lakini Nahodha alinyamaza.

"Kwa nini alinyamaza, Baba?"

"Aliogopa kuitwa yeye."

Basi. Jezi ilikunjwa, kafuri ikarudishwa, sanduku likafungwa.

Miaka hiyo redio ilikuwa imejaa watu wanaosimulia mbele ya tume yaliyofanywa zamani, siku za kupigania uhuru, nani alimpeleka nani wapi. Wenzetu walisikiliza hadi jikoni. Kwetu, sauti zile zikianza, Baba alizima. Ndipo alipoanza kuja bibi mmoja, Gogo MaNdlovu.

Alitoka Soweto, mwanamke mnene wa kofia ya sufu, amevaa nguo za kanisani, anatembea kama mtu asiyetaka kuchelewa wala kufika. Mwanawe, Vusi, alikuwa amevuka mpaka akiwa kijana na hakurudi pamoja na wenzake. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba Baba alikaa naye kambi moja ya wapigania uhuru. Alitaka kujua jambo moja tu: aendelee kumsubiri, au amlilie?

"Tulikuwa wengi, Mama," Baba alimjibu. "Na kila mtu alipewa jina jingine. Simjui huyo Vusi."

Gogo alimtazama, akanywa chai yake, akaaga. Jumapili iliyofuata akarudi. Na nyingine. Swali lilelile, jibu lilelile. Baba alianza kubadilika mbele ya macho yetu. Akisikia geti anasimama, kisha anakaa. Aliacha kula mchana. Siku moja nilimkuta ameketi gizani chooni, mlango wazi, mikono amekumbatia kichwa. Mama alimwambia mbele yangu, bila kupunguza sauti, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nilidhani Baba ni mgonjwa na nikaogopa atakufa. Nilimchukia yule bibi kwa moyo wangu wote, nawaambia kweli. Nilimwona ndiye anayetuletea kifo nyumbani, pamoja na kofia yake.

Jumapili ya mwisho Gogo alifika kukiwa na jua kali. Baba alimkaribisha vizuri, akamwekea mto mgongoni, kisha akasema, "Eish, Mama, hatuna maziwa. Ngoja nikimbie dukani, hapo spaza. Zawadi atakaa na wewe." Mama alikuwa jikoni anakaanga maandazi. Baba akatoka, na nilipogeuka niliona sanduku halikufungwa.

Mgeni haachwi akae kimya. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa. Nami nilikuwa na hadithi moja tu niliyoijua vizuri. Nikatoa jezi, nikaitandaza magotini kama Baba, nikamsimulia historia ya Timu kwa Kizulu changu cha shuleni. Reli, wajane, mto. Gogo alikuwa akiitikia kwa adabu, "Hawu! Kumbe!" na kupepea uso kwa leso. Nilipofika kwenye maganda ya machungwa, leso ilisimama. Nikasema kidole kilipinda.

"Kidole gani, mntanami?"

Nikamwonyesha changu.

"Na hiyo milingoti. Aliiitaje?"

"Wa kushoto Thandi. Wa kulia Thoko."

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Alishika jezi ncha moja, mimi nimeshika nyingine. "Halafu?" akasema. Nikamwambia yote. Jumapili, watu wawili wapole, kikombe juu ya jiwe, Nahodha aliyenyamaza. Ngoma za chumba cha mbele zilikuwa zimeisha, sikumbuki saa ngapi.

Nilipoinua macho Baba alikuwa mlangoni, ameshika chupa ya maziwa.

"Nahodha alikuwa nani?" Gogo aliuliza. Hakuniuliza mimi.

"Ni mimi, Mama."

Nilingoja apige kelele. Nilijitayarisha hata kumuuma, kama angempiga Baba. Yeye aliuliza tu, "Ile chai. Aliimaliza?"

"Hapana, Mama. Ilibaki nusu." Baba alikuwa analia, nami sikuwahi kumwona analia. "Niliimwaga mimi, jioni."

Mama aliingia, akachukua chupa mkononi mwa Baba, akatengeneza chai. Maziwa yalikatika sufuriani, vipande vyeupe vikaelea. Tuliinywa hivyohivyo, hakuna aliyelalamika.

Juma lililofuata Gogo alikuja na wanawake wawili wazima, wamejifunga mashuka mabegani. Hakuwatambulisha. Wa kwanza nilimwamkia, nikasikia dada yake anamwita Thandi, nikakimbilia nyuma ya Mama. Gogo alishika tawi la mti wa miiba, lile ambalo huku hutumika kuchukua roho ya mtu aliyefia mbali na kuirudisha kwao. Aliligusisha kwenye jezi, akamwita Vusi kwa jina lake na majina ya sifa ya ukoo, akamwambia wanakwenda nyumbani. Tangu hapo, kama desturi inavyotaka, hakusema na mtu mwingine njiani. Baba aliwasindikiza hadi kituo cha teksi, daladala za huku, nami nikamfuata. Thoko, yule dada wa pili, alilipia nauli, na kiti kimoja kando ya Gogo wakakiacha wazi, kimelipiwa. Dereva hakuuliza. Mimi niliuliza, na Baba akasema, "Kipa anapanda."

Nilipokuwa chuo, Braamfontein, niliitafuta ile timu kwenye kompyuta. Ipo. Ni ya mji wa reli, jezi ni kijani na nyeusi, na kweli ilicheza msimu mmoja tu daraja la kwanza. Mama alinieleza yaliyobaki: daktari mmoja wa huko alikuja na mzigo wa jezi kuukuu kambini, akawagawia, akawasimulia habari za timu ya kwao. Waliozivaa wakawa Timu; uongozi ulikuwa wa kambi, na kuuza mechi kulikuwa kupeleka siri kwa adui. Kwa hiyo nusu ya historia ilikuwa ya Hispania, na nusu Baba alikuwa amewazika humo wenzake, mahali ambapo hakuna ambaye angewatafuta.

Hilo lilinitosha kwa miaka. Baba alikufa, tukamzika, na jioni ya arobaini tulikuwa jikoni tunaosha vyombo nilipomwambia Mama kwamba bado najuta kidogo kuropoka mbele ya Gogo, kabla Baba hajawa tayari. Mama aliweka sahani chini.

"Spaza iko mlango wa tatu," alisema. "Wewe ulidhani maziwa yale yalikatika kwa nini? Nilimwona kwa dirisha la jikoni. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma, juani, chupa magotini, chini ya dirisha la chumba ulimokuwa umekaa. Alikuwa anakusikiliza. Ulipotaka kusahau kikombe, midomo yake ilikuwa inacheza."