Bwana Orijino na Taa ya Kushoto

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Bwana Orijino, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Mkaribishe chai, kwanza atageuza kikombe aone chini kimeandikwa nini. Pete yangu ya ndoa aliiuma kwa jino mbele ya sonara, mimi nimesimama pale natabasamu kwa aibu.

Kazi yake ni kushona makochi. Mapenzi yake ni gari la spoti la Kijapani, milango miwili, pua ndefu, umri wake unampita mtoto wetu wa kwanza. Linalala bandani, mahali ambapo mimi ningeanika nguo.

Gari la umri huo huingii tu dukani ukaagiza spea. Unazunguka yadi za vyuma chakavu, unabembeleza watu kwenye simu, na ukipata kitu unakikagua. Nimekaa naye mpaka na mimi nimekuwa mtaalamu, jamani. Taa ya kiwandani ina namba zilizochorwa ndani ya plastiki yenyewe, na ukiigonga kwa ukucha inatoa mlio mzito. Feki ni nyepesi, na wekundu wake ni wa peremende.

Taa hiyo hiyo ndiyo iliyotuharibia. Kaka yangu, toka nitoke, ana gari kama hilo. Yeye na mume wangu waliyanunua pamoja, wakayafungua pamoja, wakanipakia grisi mpaka kwenye mapazia. Siku moja kaka akamletea shemeji yake taa ya nyuma ya kushoto, akaapa ni orijino. Mume wangu akaigonga kwa ukucha mbele ya ukoo mzima.

"Shemeji, umeniletea peremende!"

Watu wakaangua kicheko. Kaka hakucheka. Alichukua funguo zake akaondoka, na tangu hapo wanaume wawili wazima, wenye mvi, wakanuniana. Salamu zikawa zinapitia kwangu, utadhani mimi ni posta. Mwambie yule. Na wewe mwambie yeye.

Nilikuwa nawacheka, lakini iliniuma. Ikaniuma zaidi kaka alipopata kiharusi na mguu wake wa kushoto ukagoma. Mume wangu alitaka kwenda kumwona. Haki ya Mungu, nilimwona amevaa viatu. Halafu akavivua.

"Atadhani nimekwenda kumwonea huruma."

"Kwani humwonei?"

"Mama watoto, wewe huwajui wanaume."

Nawajua sana, ndiyo shida. Niliogopa kaka atatutoka hawajasemezana, na huyu wangu atabaki na taa zake.

Katikati ya hayo mume wangu akaanza kuokota bahati. Muuza spea mmoja wa mjini akampigia simu: kioo cha pembeni kimepatikana. Baadaye usukani. Kisha geji ya mafuta. Vyote orijino, vyote kwa bei ya kutupa. Akiuliza vinatoka wapi, anajibiwa kuna mzee anapunguza vitu nyumbani kwake. Weee! Mtu akawa anatembea kifua mbele, hata kochi la mteja analishona huku anapiga mluzi.

Mwishowe ikaja taa ya kushoto. Aliiweka kwenye meza ya jikoni, sahani zangu akazisukuma pembeni. Akaigonga. Mlio mzito. Akainusa, eti.

"Orijino, mke wangu! Orijino!"

Akaigeuza asome namba, mara akaisogeza karibu na macho.

"Vipi? Ina ufa?"

Akaninyooshea. Juu ya kila skrubu ya kifuniko cha nyuma palikuwa na nukta ya zambarau. Rangi ya kucha. Rangi yangu! Enzi za urafiki wao, kila skrubu waliyoikaza waliitia nukta ili wasirudie, na rangi waliiiba kwangu: nyekundu kwa gari letu, zambarau kwa gari la kaka. Nilizitafuta chupa zile mpaka nikamshuku wifi yangu bure.

Akatoka mbio na tochi hadi bandani. Nyuma ya geji, zambarau. Akafuta grisi chini ya usukani, zambarau. Siku zote hizo macho yalikuwa kwenye namba tu.

Safari hii viatu hakuvivua. Tulimkuta kaka ameketi barazani na fimbo yake. Hatua chache mbele yake gari lake lilikuwa juu ya matofali, limebaki bodi tupu, na palipokuwa na geji pana tundu. Mume wangu akaweka kiganja juu ya paa lake.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Mguu haukanyagi klachi tena," kaka akasema. "Kwa nini yafe yote mawili? Bora moja litembee."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuletea mwenyewe, ungeigonga kwa ukucha."

Nilidhani mume wangu atacheka. Akalia. Alilia kwa sauti, mabega yanapanda na kushuka, mimi nikakosa pa kutazama. Kaka akainuka, akajikongoja na fimbo yake mpaka alipo.

"Haya, unamlilia nani sasa? Mimi au gari?"

"Gari," akasema mume wangu, na mkono wa kaka ameushika kwa mikono yake yote miwili, hauachii.