Petroli ya Kufika na Kurudi

"Huyu anakanyaga mafuta kama anakanyaga cherehani."

Maneno hayo yalisemwa juu yangu katika mkutano wa chama chetu cha kuchangiana hapa Mugutha, nikiwa nimeketi pale pale na kikombe cha chai mkononi. Wanawake ambao nimewashonea watoto wao sare za shule wakacheka. Nikacheka nao, maana mtu akitukanwa mbele ya watu hucheka kwanza. Hasira ilinifikia nikiwa njiani kurudi nyumbani, na mpaka leo haijaisha yote.

Kisa kilikuwa gari. Tulipochoka kununuliana masufuria na mablanketi, tulichanga tukanunua gari dogo kuukuu la chama, ili mmoja wetu akipata uchungu wa kuzaa au akifiwa asianze kubembeleza mwenye teksi. Sheria zilikuwa chache. Funguo hukaa kwa mwenyekiti. Anayelitaka gari anaomba zamu. Na kila anayelitumia hujiwekea mafuta yake. Hiyo ya mwisho tuliipitisha kwa makofi, tukaona tumefanya haki.

Mimi nililihitaji gari lile kuliko wote, na sikuficha. Mama yangu, ninayeishi naye, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Aliwekewa chuma, na kila mwezi lazima aonekane kliniki kule Thika. Bodaboda hawezi hata kuitazama. Matatu alijaribu, akarudi analia, na mama si mtu wa kulia. Gari la chama ndilo lililokuwa mguu wake.

Kisha gari likaanza kutetemeka. Likienda, lilikwenda vizuri tu. Lakini likisimama na injini inawaka, kwenye foleni ya kuingia Thika kwa mfano, lilishikwa na homa. Usukani ulitikisika, viti vikatikisika, vioo vikagongana na milango. Mama alikuwa akishika paja kwa mikono miwili na kufumba macho, kwa sababu kila mtikisiko ulifika kwenye kile chuma. Nilikuwa nasikia meno yake tu yakisagana.

Mwenyekiti alilipeleka kwa fundi wake Thika, mtu anayemwamini kwa sababu wanasali kanisa moja. Fundi alisema ni plagi, zikabadilishwa. Halafu akasema ni koili, zikabadilishwa. Halafu akasema filta ya petroli imeziba, akatuambia ameweka mpya. Kila mara gari lilirudi likiwa limetulia kidogo, na kabla ya wiki kwisha homa imerudi. Mwishowe fundi akatoa hukumu: injini imechoka, dereva fulani amekuwa akiitesa, na dawa yake ni kuuza. Akaongeza kwamba tusihangaike kutafuta mnunuzi, maana yeye anaye.

"Mnunuzi amepatikana kabla hatujaamua kuuza?" niliuliza mkutanoni.

"Fundi ni mtu wa kanisa," mwenyekiti akasema.

"Kwani nimeuliza dini yake?"

Hapo ndipo yalipotoka yale maneno ya cherehani. Dereva fulani, kumbe, alikuwa mimi. Mimi ninayeendesha polepole kuliko wote kwa ajili ya nyonga ya mama! Mimi ninayepigiwa honi na matrekta! Sikutaka kubishana zaidi. Niliomba kitu kimoja, gari likae kwangu mpaka mkutano ujao. Walikubali bila shida, kwa kuwa kitu kilichokwisha kuharibika hakuna anayekionea wivu.

Mimi si fundi wa magari. Lakini cherehani yangu nimeifungua na kuifunga miaka mingi, na imenifundisha jambo moja, kwamba mashine haina chuki na mtu. Ikiruka nyuzi kuna mahali inakosa kitu, na kazi yako ni kutafuta ni wapi. Basi nilikaa na simu jioni kadhaa nikitazama video za watu wanaofungua injini uani kwao. Karibu wote walisema maneno yale yale: gari likitetemeka limesimama, na plagi ni mpya, angalia nozo. Nozo ni kidude kidogo kinachopuliza petroli ndani ya injini, kimoja kwa kila silinda. Gari letu lina nne.

Nilianza na lililo rahisi. Niliwasha injini, nikachukua bisibisi ndefu, ncha yake nikaiweka juu ya nozo na mpini nikauweka sikioni. Nozo nzima husikika ikigonga kama kucha juu ya meza. Ya kwanza iligonga, ya pili ikagonga, ya nne pia. Ya tatu iligonga lakini kwa uvivu. Kisha nikawa nachomoa waya wa nozo moja moja. Nikichomoa wa kwanza, injini ilipepesuka karibu kuzima. Wa pili vivyo hivyo. Nilipochomoa wa tatu, hakuna kilichobadilika. Injini iliendelea kutetemeka vile vile, kana kwamba sijagusa kitu. Silinda ile haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo.

Nilisimama pale na waya mkononi. Kwa muda wote ule fundi alikuwa ametubadilishia kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kibovu, na kujua ni kipi hakukuhitaji zaidi ya bisibisi na sikio.

Lakini nilijua mkutano hautaamini sikio langu. Nilitaka kitu cha kuonekana kwa macho. Kesho yake mchana nilizima jiko, nikaweka ndoo ya mchanga karibu, na nikamwambia jirani anayevuta sigara akavutie mbali. Nilifungua ule mfereji wa chuma ulioshika nozo zote, nikauinua pamoja na nozo zake, na chini ya kila nozo nikaweka chupa ya jemu. Nikachomoa nyaya za koili kusiwe na cheche. Sasa alihitajika mtu wa kuzungusha ufunguo wakati mimi natazama chupa.

"Nitazungusha mimi," mama akasema.

"Mama, wewe hujawahi kukaa kiti cha dereva."

"Kwa hivyo nife sijakaa?"

Nilimshika mkono, akaingia taratibu, akaweka fimbo yake kwenye kiti cha abiria. Aliutazama usukani kwa heshima. Akarekebisha kitambaa chake kwenye kioo.

"Maitu," akaniita. Huniita hivyo, yaani "mama" kwa Kikuyu, kwa sababu nina jina la mama yake. "Na hii taa ya manjano ni ya nini?"

"Ni ya mafuta. Inasema yako karibu kuisha."

"Mbona huwa imewaka kila mara tukienda Thika?"

"Ni kwa sababu kila mtu anaweka ya kufika na kurudi tu, mama. Mimi huongeza pale stesheni ya petroli, lakini nikilichukua zamu nyingine nakuta taa imewaka tena."

Akaigusa ile taa kwa kidole. "Hata mtungi wa maji," akasema, "ukichota chini kila siku, utakunywa matope."

Nilimjibu hewaa ya kumridhisha, maana mawazo yangu yalikuwa kwenye chupa. Nikapaza sauti, "Zungusha!" Akazungusha kwa nguvu zote, huku amefumba macho. Starta ikalia. Nozo ya kwanza, ya pili na ya nne zikapuliza ukungu mzuri, kama chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Ya tatu ilitoa uzi mwembamba uliokwenda upande, kisha matone. Nilipomwambia aache, chupa tatu zilikuwa na petroli ya kuonekana, na moja ilikuwa na petroli ya kufunika sakafu yake tu.

Nikaziweka chupa juani. Petroli ilipotulia nikaona chini yake kitu ambacho sikukitarajia. Kulikuwa na vumbi la rangi ya kutu, laini, katika chupa zote nne. Na kwenye ile ya tatu kulikuwa na mabonge.

Maneno ya mama yakanirudia, na aibu ikanishika kwamba nilimjibu hewaa.

Filta ya gari lile iko chini ya kiti cha nyuma, ndani ya tangi. Nilinyanyua kiti. Skrubu za kifuniko zilikuwa na kutu na vumbi la miaka, na hakuna bisibisi iliyowahi kuzigusa tangu gari liingie nchini. Ile filta mpya tuliyowekewa haikuwepo. Iliyokuwepo ilikuwa nyeusi tii, na tangi chini yake lilikuwa na tope. Nilimpigia fundi simu pale pale, mikono ikinuka petroli.

"Ni filta gani uliyobadilisha?"

"Aah, madam, sikia, network ni mbaya kidogo..."

Network! Nilikuwa namsikia akitafuna.

Sitaeleza yote yaliyofuata, jinsi nilivyosafisha tangi, nikanunua filta, nikapeleka zile nozo Ruiru kwa mtu mwenye mashine ya kuzioshea, na nikazirudisha mwenyewe. Nilipowasha, mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kawaida. Akaweka kiganja juu ya dashibodi, akangoja. Akangoja tena. "Imezima?" akauliza. Nikamwambia hapana, inawaka. Akacheka kama msichana.

Siku ya mkutano nilikwenda na gari, nikaliegesha chini ya dirisha la mwenyekiti na kuliacha linawaka. Tuliomba, tukanywa chai, waliochelewa wakatozwa faini. Mwenyekiti akafungua ajenda ya kuuza. Akasema yule mnunuzi anangoja jibu.

"Kabla ya jibu," nikasema, "mnasikia gari?"

"Gari gani?"

"La chama. Linawaka hapo dirishani tangu maombi."

Mmoja akainuka akachungulia, akarudi kuketi. Ndipo nikatoa zile chupa nne kwenye kikapu na kuzipanga mezani kati ya chapati. Nikawaeleza ni nini, moja moja. Nikawaonyesha filta nyeusi. Nikasema uchafu hukaa chini ya tangi, na gari linaloendeshwa siku zote na taa imewaka hunywa ule wa chini. Nikasema injini haikuuawa na mguu wa mtu yeyote, wala hakuna cherehani ndani yake. Tumeiua sisi sote kwa kuogopa kuachiana kijiko cha petroli. Sauti yangu ilikuwa juu, najua. Kuna mtoto alianza kulia chumba cha ndani.

Kila mmoja alikuwa akitazama chupa na kuepuka macho ya mwenzake, maana kila mmoja alijua jinsi anavyokwenda stesheni na kusema "weka ya kufika tu." Nyani haoni kundule, lakini siku ile makundu yote yalikuwa mezani.

Mwenyekiti akakohoa. Akapendekeza sheria mpya, kwamba gari lirudishwe likiwa na nusu tangi daima. Tukaipitisha kwa makofi, kama ile ya kwanza. Suala la kuuza likafutwa. Funguo zikarudi kwenye msumari wake ukutani. Wakasifu chapati. Aliyesema maneno ya cherehani aliniuliza kama nitaweza kumshonea mtoto wake sketi kabla shule hazijafunguliwa. Nilingoja neno moja tu, hata "pole" ya haraka mlangoni. Nikangoja mpaka vikombe vikaoshwa.

Siku ya kliniki nilikwenda kwa mwenyekiti asubuhi kuchukua funguo. Yeye ndiye aliyekuwa na gari siku iliyotangulia, alikwenda kumwona dadake kule Theta. Nikamchukua mama, tukatoka. Gari lilikuwa limetulia tuli, hata mama alikuwa akisimulia habari zake mkono ukiwa wazi magotini. Katikati ya hadithi akainama, akatazama mbele yangu.

"Maitu. Imewaka."

Nilikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeiona tangu mlangoni kwa mwenyekiti. Niliingia stesheni ya kwanza tuliyoipata na kijana wa pampu akaniuliza niwekewe ngapi. Niliubana usukani kwa hasira, kwa sababu nilijua vizuri kwamba atakayelichukua gari kesho ni mwenyekiti yule yule. Mama alikuwa akitazama nje, mkono umeanza kurudi pajani, kwa mazoea tu.

"Jaza," nikasema.

Daktari aliridhika na nyonga. Jioni nilipeleka funguo. Mwenyekiti alitoka nje kulikagua gari, ahakikishe sheria mpya imefuatwa. Akaingiza kichwa dirishani, akatazama geji ikiwa juu kabisa, akaupiga mkono wangu kwa furaha.

"Kumbe umetuwekea! Mungu akubariki, dada yangu."

Maneno yalikuwa yamejaa kinywani, makali, yote tayari. Kabla ya kuyatoa nikahesabu zamu. Kliniki ya mama ilikuwa tena mwezi uliofuata, na funguo hukaa kwa mwenyekiti.

Nikasema amina.