Dawa Aliyopewa Punda wa Mjomba Mhando

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote. Nilikuwa msichana mkubwa, naishi Makuyuni kwa mjomba wangu Mhando, aliyenichukua wazazi wangu walipofariki. Mjomba alikuwa mkulima mpole, mtu wa maneno machache. Alikuwa na punda majike wawili. Kiangazi kile kisima kilikauka, tukawa tunafuata maji mtoni, mbali kweli, na mkewe alikuwa mjamzito, amekaribia kujifungua. Bila punda wale sijui tungeishije.

Sogi za kubebea madumu zilikuwa kuukuu. Zikawachubua punda mgongoni wote wawili, vidonda vikavimba, vikatunga usaha. Yule mkubwa alizidiwa, akaacha kula. Mjomba hakulala kwa huzuni. Jirani mmoja akamwambia kwamba kapsuli za watu zinazouzwa dukani zinakausha usaha haraka. Mjomba akanunua, akazifungua, akachanganya ule unga na pumba za mahindi. Alipoona uvimbe uko vilevile akaongeza, kisha akaongeza tena. Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe huku akimsemesha kama mtoto anayeumwa.

Punda akaanza kuharisha maji matupu. Nilichukua baiskeli nikaenda Korogwe kumwita bwana mifugo, Mzee Singano, Msambaa wa makamo ya juu aliyekaribia kustaafu. Tulipofika na pikipiki yake punda alikuwa amekwisha kufa, na majirani wamejaa uani.

"Shikamoo, mzee," mjomba alisema, bila kuinua macho.

"Marahaba, Mhando. Pole sana. Alikula nini huyu?"

Mwanangu, mjomba angeweza kusema majani mabaya, na hakuna ambaye angebisha. Lakini alisema mbele ya watu wote, "Nilimpa kapsuli za watu. Nyingi. Nilidhani dawa ni dawa."

Mzee Singano hakufoka. Aliomba ruhusa ya kumpasua, na mjomba akakubali. Watu wengine waliondoka. Mjomba alibaki, nami nikabaki ubavuni kwake.

"Njoo uone," mzee alisema. "Dawa ya kumeza inaingia hapa tumboni, inashuka kwenye utumbo huu mwembamba. Hapa ndipo inaponyonywa na damu. Damu ndiyo inayoibeba kwenda mapafuni, kwenye figo, kwenye nyama, mpaka kule mgongoni. Isiponyonywa hapa, haifiki kwenye kidonda hata ukimpa debe zima. Na dawa uliyompa, punda au farasi aliyekomaa anainyonya kidogo mno. Tena ulimpa na pumba. Kuna dawa nyingine zinashikwa na chakula, zinapita nacho."

"Sasa ile iliyobaki ilikwenda wapi?" mjomba aliuliza.

Mzee akatuonyesha utumbo mpana, mkubwa kama gunia, ukuta wake umevimba na kuwa mwekundu wa kukaribia weusi. Akasema ng'ombe anachachusha majani mbele, kwenye tumbo lake, lakini punda na farasi wanachachusha huku nyuma, na kazi hiyo hufanywa na vijidudu wazuri wasiohesabika. Dawa iliyobaki iliwafikia hao. Wazuri wakafa, wabaya wakapata nafasi, utumbo ukaungua.

Kisha akakata ule uvimbe wa mgongoni. Usaha ulikuwa umezungukwa na ukuta mgumu. "Humu damu haipiti," alisema. "Hata dawa inayofaa ingepata shida kuingia. Usaha unatolewa kwanza." Akamwangalia mjomba. "Mhando, ofisi yangu unaijua. Kwa nini hukuniita?"

"Niliona haya kukusumbua kwa ajili ya punda."

"Haya hiyo ndiyo iliyomuua. Huruma ulikuwa nayo ya kutosha." Akanawa mikono. "Na yule mwingine, umempa?"

Mjomba akageuka kumtazama yule mdogo. "Nimempa jana," alisema.

Mzee alisimama papo hapo. Alikwenda kwa yule mdogo, akampima joto, akamtazama kinyesi, kilikuwa kimeanza kulainika. Akakataza kapsuli zile kabisa, akaagiza maji safi, majani makavu na kivuli. Akaukata uvimbe, akaukamua, akauosha kwa maji ya chumvi. Kinyesi kiliporudi kuwa kizuri ndipo akaleta dawa inayofaa punda. Akampima kifua kwa kamba ili akisie uzito, akamfundisha mjomba kuikoroga na kuisukumia mdomoni kwa bomba lisilo na sindano, kabla punda hajapewa chakula, kisha asubiri ndipo amlishe. Akaonya isiongezwe, na isiachwe kidonda kikianza kupendeza.

Siku zote hizo punda alipumzishwa. Mjomba alijitwika ndoo kichwani, akafuatana nami mtoni pamoja na wanawake. Wapo waliocheka. Yeye alitembea tu. Mkewe alijifungua salama mtoto wa kiume, na punda akapona, ingawa alibaki na kovu lisiloota manyoya. Kwa yule aliyekufa mjomba alichimba shimo mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Sasa nimezeeka hapa Chanika, na ninawaona ninyi mnavyonunua dawa dukani kwa kuonyesha picha kwenye simu. Mwanangu, mnyama hawezi kukwambia kwamba dawa yako inamchoma ndani. Kwa hiyo uliza kabla ya kumpa, na muulize anayejua mwili wa mnyama huyo, maana kilichomfaa mbuzi au mtoto wako huenda kikamuua punda. Usiongeze kwa sababu umechoka kungoja. Na ukikosea, sema ulichompa, kweli yote, hata kama uani pamejaa watu. Mjomba aliisema kweli, ndiyo maana yule wa pili akaishi.

Mungu akupe moyo wa huruma na subira ya kuuliza. Akuzidishie mifugo yako, na kila kiumbe kitakachowekwa mikononi mwako kiwe salama humo. Amina.