Jina Moja, Pasipoti Mbili

Binamu yangu alikuwa na pasipoti kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alipigwa picha akiwa na pengo mbele, akapandishwa ndege kwenda Dubai kumwona shangazi yake wa upande wa mama, akarudi na begi la magurudumu na sauti mpya ya kuombea maji. Wakati huo mimi nilikuwa mtaani kwetu Bondeni, mjini Nakuru, nikimsaidia mama kupanga nyanya mafungu mafungu. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nitamsimulia habari za upendo wa ndugu. Nilimwonea wivu binamu yangu tangu nilipotambua kwamba tuko wawili, na kwamba yeye ndiye aliyekatiwa kipande kikubwa.

Viatu vyake nilivirithi mimi. Kurithi viatu si aibu, lakini mimi ndiye mkubwa. Nilizaliwa wiki chache kabla yake, halafu nikavaa viatu vilivyokuwa vimembana yeye, kwa maana hata miguu yake ilikua kwa haraka kuliko yangu. Shule yao ilikuwa na basi lililomchukua langoni kwao Milimani, mtaa wa wenye nazo. Nywele zake hazikukatika. Alipoanguka hesabu, waliita mwalimu wa kumfundisha nyumbani. Nilipoongoza darasa, mama alinionya nisijisifu mbele za watu wasije wakanitia kijicho. Nilitamani kumjibu kwamba kijicho kilishaingia nyumbani kwetu zamani, na kinalala kitanda kimoja nami.

Ila kilichoniuma kuliko viatu ni jina. Kwetu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Na si kwamba hupewa jina tu. Yeye ndiye huyo bibi, amerudi. Kwa hiyo ndugu wawili wakizaa wasichana, majina yatafanana, na watoto watatofautishwa kwa jina la ubatizo. Ndivyo watu wenye akili hufanya. Lakini mwaka tuliozaliwa, baba yangu na ndugu yake mkubwa walikuwa wamekosana juu ya mpaka wa shamba la Njoro, na hawakuwa wakisalimiana. Baba akaona asimwachie kaka yake mwanya wowote: akanipa jina la nyumbani la shosho, bibi yetu, na la ubatizo la shosho pia. Wiki chache baadaye kaka yake, bila kumuuliza mtu, akafanya vilevile. Jina la tatu ni la babu, ambalo wote wawili walilitumia kama la ukoo. Walipokuja kupatana, sisi tulikuwa tumeshabatizwa na vyeti vimeshatoka.

Shosho alifurahi. Aliwaambia wanawake wa kanisa kwamba yeye amezaliwa tena mara mbili, wao je? Baba alipofariki nikiwa darasa la nne, nilidhani sasa jina litakuwa langu, angalau kwa huruma. Wapi. Mwenye jina akaendelea kuwa yeye wa Milimani, na mimi nikawa "yule mwingine."

Tulipomaliza kidato cha nne, shule moja ya nje ya nchi ilitangaza ufadhili kwa msichana mmoja kutoka pande zetu za Bonde la Ufa. Mmoja tu. Niliomba, nikaitwa kwa mahojiano katika hoteli moja mjini Nakuru. Walitaka kila msichana aje na pasipoti yake, ithibitishe kwamba yeye ni raia wa Kenya. Cheti cha kuzaliwa walisema hakitoshi, na kitambulisho hatukuwa nacho kwa kuwa hatukuwa tumetimiza miaka kumi na minane. Bila pasipoti, usije.

Nilikuwa bado nameza hayo, shosho akapiga simu akishangilia. Binamu yangu naye ameitwa. Yeye pasipoti alikuwa nayo, tena ya pili, maana ile ya pengo ilikuwa imeisha muda.

Tulijaza maombi kwenye kompyuta za kukodi pale saiba karibu na soko, tukaenda ofisi ya pasipoti asubuhi na mapema. Mama alivaa suti yake ya kanisani, ile ya vifungo vya dhahabu, na akanikataza kusema lolote nisiloulizwa. Nyuma ya kioo alikaa afisa kijana, mpole, mwenye mafua. Akaandika jina langu kwenye kompyuta. Akaacha kuandika. Akaniangalia, akaangalia kompyuta.

"Wewe uko na passport," akasema.

"Sina."

"Uko nayo. Majina ndio haya, mwaka ndio huu, umezaliwa hapa hapa Nakuru. Hata ume-renew. Sasa ingine ni ya nini?"

Mama akacheka kile kicheko chake cha woga. "Huyo ni binamu yake, boss. Wote wameitwa shosho yao."

"Majina yote tatu?"

"Yote."

Afisa akapenga kamasi, akafikiri. "Mathe, mimi nakuamini. Lakini nikituma hii Nairobi vile iko, wataniuliza. Leteni huyo mwingine na passport yake, na mtu mzima wa familia yao. Niwaone wamesimama hapa pamoja. Nikishaandika ni watu wawili, hii kitu itatoka haraka, hata interview hamtakosa."

Nililia njia nzima hadi Bondeni. Maisha yangu yote nilikuwa nimetamani kuwa yule msichana, na siku serikali iliponiambia kwamba mimi ndiye yeye, nikalia kama niliyetukanwa. Na dawa yake ilikuwa nini? Kwenda kumwomba yeye aje anisimamie, ili niaminike kuwa ni mimi.

"Simpigii simu," nikamwambia mama.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Mimi siinami."

"Basi nitainama mimi. Wewe simama hapo na hiyo shingo yako."

Akapiga. Baba mkubwa ndiye aliyeshika simu ya bintiye. Mama alieleza kwa heshima zote, na mimi nikasikia sauti yake nzito ikijibu kwamba mtoto anajitayarisha, ana mambo mengi wiki hii, lakini watajaribu, wataona. Mama alikata simu akabaki ameishika mkononi. Sote wawili tuliijua hiyo "tutaona." Nafasi ni moja, wasichana ni wawili, mtu hahitaji kuwa mbaya ili ashinde hapo, anahitaji kuchelewa tu. Nilimwambia mama hata mimi ningechelewa. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, akaenda kuteka maji.

Asubuhi yake tulirudi ofisini, mama kwa imani, mimi kwa kulazimishwa. Tulikuwa tumekaa sana kwenye benchi wakati tuktuk iliposimama nje na binamu yangu akashuka. Alikuwa na malapa miguuni. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa na nusu imetimka, na hata hivyo akapendeza, jambo ambalo nililiona na likaniudhi. Akamshika mkono shosho, aliyekuwa kwao siku hizo kwa ajili ya kliniki ya macho. Nilishangaa gari lao liko wapi, ila nilikuwa na mengi ya kushangaa asubuhi hiyo.

"Niaje," binamu yangu akaniambia.

"Poa," nikasema.

Shosho hakungoja foleni. Alikuwa ameambiwa kwamba serikali ina shida na jina lake, na yeye akaja kama mwenye mali. Tukamfuata hadi kwenye kioo, na watu wakatupisha kwa sababu ya mvi zake.

"Shosho," afisa akamuuliza, "hawa wasichana unawajua?"

"Siwezi kosa kuwajua."

"Huyu ni nani?" Akaninyooshea kalamu.

"Huyu ni mimi."

"Na huyu?"

"Huyu pia ni mimi."

Mama akafunika uso kwa mkoba. Nilihisi pasipoti yangu ikienda zake, na mahojiano nayo, na hiyo shule. Ofisini ndipo mahali pekee duniani ambapo jibu hilo halikutakiwa, na shosho alikuwa amelitoa kwa sauti ya kusomea Biblia.

"Mungu wangu," afisa akasema. "Nilikuwa na mmoja wa ziada. Sasa umeniletea tatu."

Foleni nzima ikacheka. Shosho hakucheka. Alifungua fundo la leso, akatoa kitambulisho chake, akakisukuma chini ya kioo. "Soma. Jina ni langu. Hawa wamepewa. Kama kuna kosa ni la vijana wangu, walikuwa na vichwa ngumu, kila mmoja alitaka mama awe wake. Huyu ni wa yule mkubwa. Huyu ni wa yule mdogo, mwenye alilala. Uniandikie hivyo."

Afisa akaacha kucheka. Akasoma kitambulisho, akaturudisha sisi wawili mbele ya kioo, bega kwa bega. Binamu yangu akatoa pasipoti yake bila kuombwa, akaweka vidole kwenye mashine, kisha nikaweka vyangu. Akamwambia afisa kwamba mimi ni mkubwa kwake na nilikuwa namfinya kanisani. Afisa akacheka tena. Kazi iliyotushinda jana nzima ikaisha kabla chai ya kwenye kibanda cha nje haijachemka.

Mama alimkumbatia binamu yangu hadi nikaona haya. Mimi nilisema asante kwa meno. Usiku huo sikufikiria pasipoti hata kidogo. Nilifikiria malapa yale. Mtu hakimbii na nusu ya kichwa haijasukwa kwenda kumwokoa mshindani anayemhofu. Alikuja kwa sababu hakuniogopa. Alijua atanishinda nikiwepo, kwa hiyo niwepo au nisiwepo, kwake ni mamoja. Hilo liliniuma kuliko viatu, kuliko Dubai, kuliko basi la shule. Nilimchukia kwa wema wake kwa sababu sikuweza kuupata ndani yangu hata kwa kuutafuta.

Pasipoti ilitoka siku moja kabla ya mahojiano. Kwenye picha naonekana kama mtu anayetaka kugombana, na nilikuwa nataka.

Hotelini binamu yangu aliitwa kwanza. Akatoka akitabasamu, sketi haina hata mkunjo. Nilipoingia, mama mmoja wa makamo akafungua pasipoti yangu, akauliza inakuwaje msichana aliyetoka sasa hivi awe na jina hili hili. Nilikuwa nimekariri majibu kuhusu uongozi na mazingira. Badala yake hasira zikanitoka. Nikawaeleza habari za ndugu wawili na mpaka wa shamba, na majina yaliyogombaniwa, na shosho aliyemwambia afisa wa serikali kwamba sisi wote ni yeye. Wakaweka kalamu chini. Wakaniuliza mengi, nikajibu kama ninayezozana nao. Nilitoka nikijua nimeharibu.

Wiki iliyofuata karani wa ile shule ya nje akapiga simu. Akanisomea namba ya pasipoti, taratibu, tarakimu kwa tarakimu, asije akakosea mtu. Ilikuwa yangu.

Shosho akachinja kuku nyumbani kwake Njoro. Walikuja wa kanisa, walikuja majirani, akaja mama mkubwa na bintiye. Baba mkubwa hakuja, na hakuna aliyesema kwa nini. Binamu yangu aliniimbia kuliko wote, alinipakulia, akanipiga picha na shosho. Nami nikakaa pale na ushindi wangu mkononi nisijue ladha yake, maana hata kushindwa alishindwa kwa uzuri. Baada ya chakula tukatumwa sisi wawili kuosha vyombo nyuma ya jikoni.

"Baba yako yuko wapi?" nikamuuliza. Nilitaka anijibu kitu kibaya.

"Amenuna. Haongei na mimi tangu ile siku ya passport." Akazamisha sufuria kwenye karai. "Alinikataza kuja. Alisema ukikosa passport, hiyo nafasi ni yangu tu. Nilimdanganya nampeleka shosho kliniki, ndio tukachukua tuktuk."

Nikaacha kusuuza. Katika nyumba ile kubwa, mtu alikuwa ameniogopa. Nilisimama kidogo nikiionja hiyo habari, na ilikuwa tamu.

"Sasa kwa nini ulikuja?"

Alisugua sufuria ile ile iliyokuwa imeshatakata.

"Ungekosa kwa sababu ya passport, watu wangesema nini? Si wangesema ungekuwa hapo ungenishinda," akasema. "Kila Krismasi shosho ni wewe tu. Oh, yule wa Bondeni amekuwa namba moja. Oh, yule wa Bondeni hana tuition na anapita. Nilitaka nikushinde ukiwa hapo. Mara moja tu. Watu wote waone."

Na machozi yakamtoka, yakadondoka kwenye maji ya sabuni, na pua ikaanza kumvuja, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe hakupendeza hata kidogo.

Ningeweza kusema neno. Lakini sikujua anayeonewa wivu humwambia nini anayemwonea. Uzoefu wangu wote ulikuwa wa upande ule mwingine. Nikavuta kitambaa begani kwake nikaanza kupangusa sahani.